Aliruka mapipa, akafa kitandani: uchambuzi wa msiba mmoja wa Mwanza

Marehemu alikuwa dereva wa bodaboda upande wa Igoma, mtu wa miaka arobaini na kitu, mume wa mtu na baba wa watoto watatu. Jina lake naliacha kwa heshima ya familia. Waliowahi kusimama juani siku ya Idi au siku ya pili ya Krismasi wakimngoja aruke mapipa kwa pikipiki hawahitaji kutajiwa. Alifariki wodini alfajiri, baada ya kutapika damu tangu jioni. Kabla jua halijapanda, kijiweni walishapitisha kwamba ameuawa na pikipiki.

Nilikuwa katibu wa kamati ya mazishi, mshika daftari. Msiba ule uligombewa, na waliougombea hawakugombea mali wala mahali pa kuzika. Waligombea ni mtu wa namna gani aliyelala mle ndani ya jeneza, na amekufa kwa nini. Nimeona wengi wakisimulia kipande kimoja tu cha kisa hiki, kile cha pikipiki, ndiyo maana nakiandika chote.

Mtu mwenyewe

Ukisikia anavyosimuliwa leo utadhani alikuwa kichaa wa mwendo. Sivyo. Kazini alikuwa dereva mwoga. Akina mama wenye watoto mgongoni walimtafuta yeye kwa sababu hakujipenyeza kati ya malori. Uhodari wake ulikuwa na siku zake na mahali pake: uwanja wa mpira, sikukuu, kofia imezungushwa na watu wamechanga.

Mapipa yalikuwa ya lami, matupu, yamelazwa ubavu kwa ubavu. Kabla ya kuruka alivua viatu. Alianzia pipa la mwisho akarudi nyuma kwa hatua, akihesabu kwa midomo, akikanyaga ardhi kwa kisigino kila alipoitilia shaka. Penye mchanga uliolegea aliita vijana wamwage maji na kushindilia. Ubao wa kupandia aliuegemeza juu ya matairi ya lori, kisha akaurukia kwa miguu mitupu, mara mbili tatu, kuona kama unanesa. Aliwahi kunieleza kwamba ubao ukinesa, tairi la nyuma linakosa nguvu palepale linapoihitaji, pua ya pikipiki inashuka mapema, na anayetangulia kutua na gurudumu la mbele anakuwa amekwisha. Akimaliza kupima alikwenda kukojoa nyuma ya goli, akarudi, akavaa viatu na helmeti, akawasha. Watu walikuja kuona sekunde mbili za hewani. Yeye kazi yake aliiona ni ile nusu saa ya kabla.

Aliwahi kuanguka vibaya mara moja, kwenye pipa la saba, miaka mingi nyuma. Mtulinga ulivunjika, mbavu zikapata nyufa, akakaa nyumbani msimu mzima wa mvua. Alipopona alirudi kuruka, na pipa la saba likaingia kwenye hadithi za mtaa. Likumbuke hilo pipa, maana ndilo lililoleta ugomvi.

Siku ya kwanza: kijiwe na ukoo

Turubai halijakaa sawa, wajumbe wa kijiwe walifika. Walikuja kwa adabu, wakavua helmeti, wakampa pole mjane, "Pole sana shemeji," wakakabidhi rambirambi. Kisha wakaomba kikao. Walitaka msafara. Anayeifahamu Mwanza anajua msafara wa bodaboda ulivyo: matawi ya mwembe yamefungwa kwenye taa, honi hazikomi, ekzosi zinapigwa resi mpaka watoto wanaziba masikio. Hilo ni la kawaida na hakuna aliyeshangaa. Kilichoongezwa ndicho kilileta kimya: mwili upitishwe uwanjani, vijana wawili watangulie wakiwa wamenyanyua tairi la mbele, na kule kijijini, kabla ya jeneza kushushwa, mmoja wao aruke mapipa saba. Kwa heshima yake, walisema. Amalize lile lililomshinda.

Kijiji chenyewe kiko upande wa Magu, na barabara ya kwenda huko ndiyo ile kuu ya Musoma, yenye mabasi na malori ya samaki. Baba mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo, aliwasikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea fimbo. Akajibu, "Wabeja, asanteni, wanangu. Sasa mnataka nizike watu wangapi siku moja?"

Mmoja wa vijana alijibu kwa uchungu, na jibu lake nililiandika pembeni ya daftari: "Mzee, ninyi mnamzika mtoto wenu. Sisi tunamzika nani?"

Wazee walinung'unika kwamba kijana hana adabu. Mimi niliona ameuliza swali kuu la msiba mzima. Ukoo ulikuwa na mtoto aliyekulia mwaloni, pale ufukweni wanapotua wavuvi, akivuta nyavu, mume, baba, mdaiwa wa ada ya shule. Kijiwe kilikuwa na mtu aliyewahi kupita juu ya vichwa vyao wakiwa bado wanafunzi, akawafanya waamini kwamba dereva wa bodaboda anaweza kuwa mtu wa kushangiliwa. Huyo wa pili hana kaburi, hana mjane, hana siku ya kuanua matanga. Wakimkosa kwenye mazishi, hawana pengine pa kumlilia.

Usiku wa pili: minong'ono

Hapa ndipo palipokuwa na hatari yenyewe, na wasimuliaji wengi huparuka.

Damu ikimtoka mtu mdomoni mpaka akafa, watu lazima watafute sababu. Kijiwe kilikuwa na yake: pipa la saba. Alianguka, damu ikavilia ndani, imekaa miaka, sasa imepasuka. Maelezo hayo yanaingia akilini na yana sifa moja kubwa, yanamfanya marehemu afe kishujaa. Ila kuna waliosema ajali iliyopona haiui mtu miaka yote hiyo baadaye. Wakiwa sahihi, lazima iwe kitu kingine, na hicho kitu kingine huku kwetu kina mkono wa mtu. Kufikia saa nne usiku, kwenye moto wa wanaume, nilisikia akitajwa bibi mmoja wa ukoo, shangazi wa baba wa marehemu, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka sitini ya kupikia kuni. Hakutajwa kwa jina. Ilisemwa tu "yule wa nyumba ya chini."

Mtu wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa maneno hayo yanaweza kuishia wapi. Vikongwe wameuawa kwa panga mikoa hii kwa minong'ono myepesi kuliko ile.

Na wakati wote huo kulikuwa na watu wawili mle ndani waliojua sababu. Mjane na kaka yake walikuwa wameitwa na daktari, wakaelezwa, wakapewa karatasi. Ilikuwa kichocho.

Walichokuwa wanaficha

Nilipoambiwa, kwanza nilishangaa. Wengi wetu kichocho tunakijua kwa mtoto anayekojoa damu. Ipo aina nyingine, na hiyo ndiyo imejaa kando ya Ziwa Victoria, ile ya tumbo. Konokono wadogo wa majini wanatoa vijidudu, vijidudu vinapenya ngozi ya anayeogelea, anayefua au anayevuta wavu, na ndani vinakua minyoo inayoishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, miaka na miaka. Minyoo yenyewe si tatizo kubwa kama mayai yake. Mayai yanabebwa na damu mpaka kwenye ini, yananasa, na mwili unayazungushia makovu. Ini likishajaa makovu, damu inayotoka utumbo inakosa njia. Wengu linavimba, tumbo linaweza kujaa maji, na damu inatafuta kupitia mishipa myembamba ya koo la chakula. Mishipa ile haikuumbiwa mzigo huo. Siku ikipasuka, mtu anatapika damu, na mara nyingine hawahi kuokolewa.

Baada ya hapo mambo mengi yalijieleza. Mwaka wa mwisho alikuwa anafunga mkanda chini ya kitambi ambacho hakikuwa kitambi. Alikuwa anachoka kabla ya saa saba mchana. Wenzake walimtania kwamba amenenepa kwa pesa za mapipa.

Kwa nini familia ilinyamaza? Kaka wa mjane alinijibu bila kuzunguka: "Katibu, mtu aliyeruka mapipa mbele ya uwanja mzima, niende niseme ameuawa na konokono?" Aliona aibu kwa niaba ya marehemu. Ni aibu ya upendo, siibezi, lakini ukimya wake ndio ulioacha mlango wazi kwa pipa la saba na kwa bibi wa nyumba ya chini.

Mmarekani aliyeingia kwenye kikao

Kikao cha siku iliyofuata kilikuwa kigumu mpaka alipotajwa mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Vijana wa kijiwe wana video za Evel Knievel, Mmarekani aliyesifika kwa kuruka na pikipiki, kwenye simu zao, na marehemu mwenyewe alizipenda. Kiongozi wao akasema, "Yule Mmarekani angekufa, wangemzika kimyakimya?"

Nikamwambia alishakufa, na nikawaeleza ninayoyajua. Jina lake halisi Robert Craig Knievel, amezaliwa 1938 katika mji wa Butte, jimbo la Montana. Desemba 31, 1967 aliruka chemchemi za hoteli ya Caesars Palace, Las Vegas, akatua vibaya, akavunjika nyonga na paja. Filamu ya anguko lile ilimpa jina kuliko miruko mingi aliyofaulu. Septemba 8, 1974 alitaka kuvuka korongo la mto Snake, Idaho, ndani ya chombo cha kurushwa kwa mvuke. Mwavuli ukafunguka mapema, upepo ukamrudisha, akashuka mpaka chini ya korongo akiwa na majeraha madogo. Mei 26, 1975, Wembley, London, mabasi 13, alianguka mbele ya maelfu ya watu, akainuliwa, akatangaza kwamba hataruka tena. Oktoba mwaka huohuo aliruka mabasi 14 kule Ohio, na akafika. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimwandikia mivunjiko 433 ya mifupa.

"Alifia wapi?" wakauliza.

Florida, Novemba 30, 2007, akiwa na miaka 69. Mapafu yalijaa makovu, ugonjwa ambao chanzo chake hakijulikani, na kisukari alikuwa nacho. Miaka minane kabla ya hapo, 1999, alibadilishiwa ini lililoharibiwa na homa ya ini aina C, ambayo inasemekana aliipata kwenye damu aliyoongezewa baada ya ajali mojawapo.

Kijana akadaka hapohapo: "Basi katibu, ajali ndizo zilimuua." Hoja hiyo ina uzito na sikutaka kuikwepa. Kwa ini la Knievel, huenda kweli njia ilianzia kwenye ajali. Kwa mapafu, ambayo ndiyo yaliyomaliza, hakuna anayeweza kusema hivyo. Na kwa marehemu wetu njia inaanzia mwaloni, alipokuwa mtoto wa miaka sita akipiga mbizi, kabla hajajua kuendesha hata baiskeli. Huwezi kumkopesha kifo kisicho chake kwa sababu kinampendeza.

Wakataka kujua alivyozikwa. Mwili ulirudishwa kwao Butte, fataki zikapigwa usiku jeneza lilipoingizwa ukumbini, na Desemba 10 ibada ikafanyika mbele ya umati mkubwa, ikiongozwa na mchungaji wa televisheni, Robert Schuller. Jiwe la kaburi lake lilikuwa limeshachongwa tangu 1974, kabla ya lile jaribio la korongo, maana wengi walidhani atafia mle. Jiwe likamngoja miaka 33. Nilipofika hapo kikao kizima kilicheka, hata baba mkubwa. Mashabiki walishamwandalia mtu kifo cha korongoni, yeye akaja kufa kwa pumzi kama mzee mwingine yeyote, na bado akapigiwa fataki.

Fataki zile ndizo zilizofungua mazungumzo. Ziliwaonyesha vijana kwamba shangwe inaweza kuwepo bila mtu kuhatarisha shingo yake, na ziliwaonyesha wazee kwamba shangwe yenyewe si utovu wa heshima.

Halafu baba mkubwa akatoa lake. Ujanani alikuwa mchezaji wa ngoma, na Usukumani mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayoshindana, yamekuwa na wacheza nyoka tangu zamani. Ukienda Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa tamasha la ngoma la Bulabo, mwezi Juni, utaona mtu akicheza na chatu shingoni. Wenye sanaa hiyo kwanza hufundwa dawa za kuumwa. Mzee akawaambia vijana, "Mimi kucheza na hatari mbele ya watu sikusomeshwa na simu. Lakini mcheza nyoka akifa, tunamwaga nyoka kwa waombolezaji?"

Hakuna aliyejibu.

Walivyokubaliana

Msafara ukaruhusiwa, kwa mwendo wa gari la jeneza, kila mtu na helmeti, hakuna kunyanyua tairi barabarani. Mwili haukupitishwa uwanjani. Pikipiki ya marehemu ikapelekwa mpaka kaburini ikisukumwa, injini imezimwa. Mruko ukakataliwa kabisa, na nafasi yake ikachukuliwa na mtani wa ukoo. Hili halikupangwa na kamati, alijipanga mwenyewe. Alikuja mbele ya jeneza na sufuria kichwani, akavua viatu, akaanza kuhesabu hatua kurudi nyuma kwa midomo, akikanyaga kwa kisigino, akaenda hadi nyuma ya mti wa karibu na kujifanya anakojoa. Watu waliangua kicheko na kilio kwa pamoja. Akakimbia, akaruka juu ya vijiti saba vilivyolazwa chini, akajiangusha, akadai alipwe ndipo ainuke. Kijiwe ndicho kilichomlipa.

Nimefikiri sana kwa nini lilitosha. Utani una ruhusa ambayo kamati haina. Mtani alimwigiza yule wa uwanjani, wa kijiwe, mbele ya ukoo, na ukoo ukacheka, maana yake ukamtambua. Swali la yule kijana, "sisi tunamzika nani", lilijibiwa pale bila hotuba.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi: wasifu. Niliomba sababu ya kifo isomwe wazi. Kaka wa mjane alikataa. Aliyeamua ni mjane mwenyewe, aliyekuwa hajasema neno vikao vyote. Alisema bibi wa nyumba ya chini ndiye aliyempokea kila mtoto wake alipotoka kujifungua, na hatakubali apate madhara ili mume wake aonekane shujaa. Basi ikasomwa: amefariki kwa ugonjwa wa ini uliosababishwa na kichocho cha tumbo, alioupata ziwani utotoni. Nikaongeza, kwa idhini yake, kwamba dawa ipo, ni vidonge vya prazikwanteli, inaua minyoo, na inafaa zaidi kabla ini halijaharibika.

Kulikuwa na manung'uniko nyuma. Dakika chache baadaye mwanamume mmoja mzima alinifuata akaniuliza pembeni kama tumbo lake ni la bia au la hiyo kitu.

Nisilokubaliana nalo

Familia ilitaka watoto watolewe wakati wasifu unasomwa, na wakatolewa. Naona ilikuwa kosa. Mtoto wa kwanza wa marehemu ana miaka kumi na minne na tayari amepima hatua za baba yake uwanjani. Knievel naye alikuwa na mwana, Robbie, aliyerudi kwenye chemchemi zilezile za Caesars Palace mwaka 1989 akazivuka, na mwaka 1999 akaruka sehemu ya Grand Canyon. Alifariki Januari 2023, kwa saratani ya kongosho. Sisemi mtoto wa Igoma atafuata njia hiyo. Nasema kijana anayerithi hadithi ya pipa la saba anastahili kuisikia pamoja na ile ya mwaloni, na kwa mdomo wa mama yake, kabla kijiwe hakijamsimulia.

Kijiweni wapo ambao mpaka leo wanashikilia pipa la saba. Waliokwenda zahanati kupima ni wachache, wengi wao wale waliokulia mwaloni pamoja naye. Jina la bibi halitajwi tena kwenye moto.

Limebaki la pikipiki. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mkataba, amebakiza miezi michache kumaliza hesabu, na tajiri alifika kabla ya matanga kuanuliwa kuulizia chombo chake. Fedha ambazo kijiwe kilikuwa kimetenga kwa mafuta ya msafara mrefu na kukodi mapipa zilikuwa hazijatumika. Ziliongezewa mchango, hesabu ikalipwa, kadi ikaandikwa jina la mjane. Yeye naye ameitoa kwa mkataba kwa mmoja wa wale vijana wawili waliotaka kunyanyua tairi mbele ya jeneza. Masharti yako kwenye karatasi niliyoiandika mimi: hesabu kila Jumamosi jioni, matengenezo ni ya dereva, na akiruka nayo hata pipa moja, mkataba umevunjika.